Mwaka wa Mamba-Radi

Kwenye matanga ya Ramazani walinipa kiti cha mbele, chenye mikono, kama inavyofaa mtu wa cheo changu, na sikuweza kukikalia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda kuangalia kama dereva amefunga milango ya lori, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Mke wangu akanivuta koti. “Papa Augustin, unatembea kwenye kilio sawa mutu anatafuta choo.” Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka ndani ya vitambaa. Wacheke. Miguu hii ndiyo imenipatia kila kitu nilicho nacho, na sijaweza kamwe kuifundisha kutulia. Kijana mmoja aliyekuwa anagawa kahawa akaniuliza kwa heshima: “Tonton, banasema weye na marehemu mulicheza pamoja. Iko kweli?” Nikamwambia pamoja ni neno dogo. Tulicheza timu moja, mwaka mmoja, nafasi moja, na matata yote yalitoka hapo. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba watu wawili walivaa suruali moja. Basi namwandikia yeye, na wenzake wote wanaofikiri sisi wazee tulizaliwa tayari na tumbo.

Mimi sikusoma. Misioni walinifundisha alfabeti, sala, na kupanga mstari. Mengine nimeyaokota mwenyewe njiani. Leo nina malori, nina tanuru la matofali nyuma ya Kabondo, na ukipita mtaa ule ukaona nyumba imesimama sawasawa, ujue tofali lake limetoka kwangu. Wenye diplome wananisalimu wao kwanza. Juu ya baba na mama sitaandika kitu. Walikuwa watu wa mto upande wa Yanonge, mioyo yao ilitosheka na nyavu zao, na mimi sikufanana nao. Nitaandika mwaka mmoja tu. Nilikuwa kijana mwenye kifua kipana cha kubeba magunia bandarini, jina la uwanjani Moteur, yaani injini, na katika mji mzima hakukuwa na mtu wa kunishika nikishaanza kukimbia na mpira. Hayo si majivuno. Ningesema waulize waliocheza nami, lakini wanakwisha mmoja mmoja.

Wakati ule mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, sisi tulisema Stan, na mpira ulikuwa na ligi mbili sawa na mwanaume mwenye nyumba mbili zisizosalimiana. Upande huu wa mto, kwenye bandari na misioni na maduka makubwa, kulikuwa ligi yetu. Ng’ambo, upande tunaoita Gauche, kwenye stesheni ya gari la moshi la kwenda Ponthierville, ile wanayosema sasa Ubundu, kulikuwa ligi ya watu wa reli, wengi wao wametoka Maniema, wengi Waislamu. Kila mwaka mji mmoja ulikuwa na mabingwa wawili, makombe mawili, maandamano mawili na tarumbeta zake, na hakuna aliyejua nani mkubwa kwa kweli, kwa sababu uwanjani hawakukutana hata siku moja. Walikutana Jumatatu ndani ya pirogi, mitumbwi ya kuvukia. Hapo ndipo ligi ya kweli ilipochezwa, kwa mdomo. “Nyinyi munacheza mupira ao munaimba misa?” “Na nyinyi? Banawasukuma sawa lokomotivi yenye imekufa!” Mpiga kasia alikuwa anatishia kutumwaga wote majini, wanaoimba na wanaosukumwa.

Halafu wazungu wa komite ya mpira, nafikiri walichoka kununua makombe mawili, wakasema toka sasa ligi iko moja. Na kwa sababu ligi moja haiwezi kubeba timu zote, timu ndogo ziungane mbili mbili au zife. Timu yangu, Mamba, haikuwa ndogo. Waliiona ndogo kwa sababu tulikuwa wabeba magunia na wavuvi na tulicheza bila katibu. Wakatuoza kwa Radi, timu ya Gauche, bila uchumba na bila mahari. Mkutano wa kwanza ulifanyika ndani ya karakana ya Tonton Gaspard, fundi seremala, ambaye ndiye alikuwa anatufundisha sisi Mamba na sasa komite ilimweka afundishe wote. Watu wa Mamba walikaa kwenye mbao za upande huu, watu wa Radi kwenye mbao za upande ule, na katikati kulikuwa jeneza halijakwisha, limewekwa chombo cha gundi juu yake. Mabishano yalianza kwa jina. “Mamba-Radi!” “Radi-Mamba!” “Mamba alikuwa hapa mbele ya nyinyi kushuka kwenye treni!” “Na radi ilikuwa hapa mbele ya mamba kuwa na meno!” Tonton Gaspard akapiga nyundo juu ya jeneza, wote wakanyamaza, juu kelele ya namna ile hakuna mtu anayeipenda. Akasema: “Bon. Upande huu tunasema Mamba-Radi. Upande ule, Radi-Mamba. Basi.” Na ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima. Tulikuwa tunavuka mto tukiimba, na pirogi ikifika katikati ya maji wimbo unageuka, anayesahau kugeuza anapigwa kichwani.

Ramazani alikuwa centre-avant, mshambuliaji wa katikati wa Radi, kama mimi nilivyokuwa wa Mamba. Mwembamba, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyelala vizuri. Kazi yake ilikuwa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja karibu na stesheni, na kwa hiyo jezi mpya alipewa yeye azishone, mwili wa kijani wa Mamba na mikono ya njano ya Radi. Nilikwenda kupimwa. Aliniwekea utepe kifuani, akautazama, akacheka kidogo. “Ndugu, namba tisa nishone kwa kifua cha nani?” Nikamjibu: “Cha mwenye ataivaa.” “Ndiyo, lakini nani ataivaa?” Nikasema: “Unamuona mbele yako.” Hakukasirika. Mimi nilipenda watu wakasirike, ndiyo nilijua njia ya kuongea nao. Akashona ile namba tisa kwa kipimo changu, halafu akaweka kamba mbavuni, za kuvuta na kufunga, ili imkae na mtu mwembamba pia. Nilipoziona zile kamba nilielewa kwamba mtu huyu mpole hakuwa na nia ya kuniachia kitu.

Na si jezi tu tuliyokuwa tunagombea. Komite ilikuwa imesema mwisho wa mwaka watachagua timu ya mji kutoka ligi mpya, timu hiyo itapanda masuwa, meli kubwa ya mto, mpaka Léopoldville kucheza na watu wa kule, na mshambuliaji wa katikati atatoka kwa timu bingwa. Léo! Mimi nilikuwa napakia masuwa za Léo kila juma. Nilijua harufu ya mafuta yao, nilijua kila ubao wa daraja lao la kupandia, nilipanda na mzigo na kushuka mikono mitupu, nilipanda na kushuka, na kila mara king’ora kilipolia nilikuwa mtu wa kubaki. Hakuna kitu nilichotaka zaidi ya kusikia king’ora kile nikiwa juu. Ramazani alitaka pia. Hakusema, lakini alitaka.

Siku moja kabla ya kila mechi tulijifungia nyumbani kwa Mama Zaina, mjane wa Gauche mwenye nyumba ya vyumba vitatu, kuta za udongo zimepakwa chokaa na vyumba vimegawanywa kwa matete. Chumba cha Mamba, chumba cha Radi, na cha katikati cha kulia, na hicho ndicho kilituletea vita. Watu wa Radi hawakuweza kula kuku asiyechinjwa na Mwislamu. Watu wangu wakasema, na mimi nikiwa wa kwanza, kwa nini kila siku kisu kiko mikononi mwao, kwani sisi hatujui kuua kuku? Nikaleta jogoo wangu kutoka sokoni nimchinje mwenyewe. Mama Zaina akanizuia mlangoni na mwiko mkononi. “Mutoto wa bandari, jogoo wako aingie, akae, atuwikie asubuhi. Hapa tutakula mbisi. Mbisi hana dini.” Basi toka siku hiyo ikawa samaki, mboto wa kuchoma na pilipili, na lituma ya ndizi iliyotwangwa mpaka inang’aa, na jogoo wangu akanenepa kwa kula makombo ya timu nzima. Naandika haya na tumbo linasikia. Nimekula kwenye hoteli za watu wakubwa, na sijapata lituma kama ile.

Kisha kulikuwa ndoo. Sisi Mamba tulikuwa na desturi yetu: siku ya mechi hakuna kuoga, juu ukioga unaosha nguvu ambayo mzee wetu wa dawa amekupaka. Radi walikuwa na yao: siku ya mechi kila mtu aoge kabisa, kichwa mpaka vidole, asiyeoga anachafua wenzake. Asubuhi ya mechi ya kwanza ile ndoo ilikaa katikati ya ua kama mgeni asiyejua aketi wapi; nusu ya timu inatiririka maji, nusu nyingine imesimama mbali inawacheka. “Banajiosha sawa bibi harusi!” “Na nyinyi munanuka sawa samaki wa juzi!” Tonton Gaspard aliacha kila mtu afuate yake. Alifikiri ni hekima. Sasa sikilizeni kilichotokea. Mzee wa Mamba alikuwa ametuagiza tusiingie uwanjani kwa mlango, kwa sababu adui amefukia kitu pale, turuke wigo. Mzee wa Radi alikuwa amewaagiza watu wake waingie kwa mlango, polepole, wasikanyage kizingiti. Kila upande ulificha siri yake kwa upande mwingine, kama tulivyozoea tulipokuwa maadui. Radi wakaingia kwa mlango kama wafalme. Sisi Mamba tukazunguka nyuma kwenye wigo wa mianzi, mrefu, wenye ncha. Refa alikuwa mzungu mmoja wa posta ambaye saa yake ilikuwa dini yake. Saa ikafika, akapiga filimbi. Mimi nilikuwa mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, na golikipa wetu, mnene maskini, kaputula yake imeshikwa na mwanzi, ananing’inia kama popo. Kutoka juu ya wigo tuliona kila kitu. Tuliona wapinzani wakianzisha mpira, tukaona Ramazani akigeuka kutazama goli letu, akaona halina mtu. “Kipa iko wapi?” alipiga kelele. Kipa akajibu kutoka angani: “Niko huku! Banishike miguu!” Goli lilishaingia.

Tulicheka baadaye, siku ile hatukucheka. Ndani ya pirogi ya kurudi hakuna aliyeimba, si kwa mpango wa huku wala wa kule. Tonton Gaspard alisubiri tufike katikati ya mto, ambapo hakuna mtu anaweza kutoka akaenda zake, akasema: “Toka leo, mulango iko moja. Kama munaoga, munaoga wote. Kama munanuka, munanuka wote. Mutachagua nini?” Halafu yule kipa, na kaputula imechanika, akasema taratibu: “Tonton, miye nitaoga.” Tukaoga wote toka siku ile. Nimeona watu wasomi wakiunganisha kampuni, wanaandika makaratasi, wanapiga picha, na baada ya muda kila upande unaruka wigo wake. Hawajawahi kuulizana juu ya ndoo.

Kwa namba tisa Tonton Gaspard alifanya kama Suleimani lakini bila upanga: Jumapili moja mimi, Jumapili moja Ramazani. Siku hizo hakukuwa na kubadilisha mchezaji katikati ya mechi. Asiyecheza anakaa mpaka mwisho. Nawaambia, nimebeba magunia ya kahawa juani, nimesukuma lori kwenye tope la njia ya Ituri, lakini kazi nzito kuliko zote nilizofanya ni kukaa kwenye ule ubao. Ramazani akikaa, alikuwa anakunja miguu, anatazama, anatikisa kichwa, mara anasema neno moja na neno lenyewe ni la kweli. Mimi nilipiga mateke hewani. Nilikimbia kando ya mstari, nilimfokea refa, nilitabiri kila pasi, na mara moja mshika bendera alinisukuma nyuma kwa mti wake akaniambia, “Wewe unacheza kuliko wanaocheza.” Siku zangu nilipocheza nilifunga, na siku zake alipocheza alifunga, na hilo lilinichosha zaidi ya kushindwa. Usiku miguu ilikimbia chini ya blanketi. Bandarini niliwahi gunia kabla halijafunguliwa kamba. Kapita wangu, msimamizi wa wabeba magunia, alisema mwaka ule nilimfanyia kazi ya watu wawili na kumpigia kelele za watu sita.

Tukafika mechi ya mwisho, sisi na Chui, timu ya upande wa daraja la Tshopo, na mwenye kushinda anachukua kombe. Ilikuwa zamu ya nani, hata Tonton Gaspard hakujua tena, kwa sababu mvua ilikuwa imevunja mechi mbili na zamu zikachanganyika. Asubuhi ile nilikuwa nimelala kwenye mkeka nyumbani kwa Mama Zaina, wenzangu wanakoroma, na nyuma ya matete nikasikia mchi, twa, twa, na sauti mbili. Ya Mama Zaina ilisema: “Basi leo unaweka nani katikati?” Tonton Gaspard akajibu: “Mama, ningejua ningekuwa nimelala. Moteur ana nguvu. Akishika mupira unakwenda mbele, hakuna dawa. Lakini hajui kungoja.” Mchi ukasimama. “Sikia, miye sijui mupira. Miye najua tu batu wenye nimelisha. Ramazani ukimupa mbisi, anatoa miiba kwanza, anaipanga kando, kisha anakula. Ule wako wa bandari anakula na miiba. Anakohoa, anaomba maji, anakula tena.” Tonton akacheka. “Alors? Nimunyime mbisi?” “Hapana. Mutu wa namna ile hapana kumupa kisu. Mupe njia.” Na mchi ukaanza tena.

Nilibaki pale nikitazama dari. Nimesemwa mengi maishani, na wakubwa na wadogo, na mengi nimesahau kabla msemaji hajafunga mdomo. Haya ya Mama Zaina ninayo mpaka leo, na nimeyageuza kila upande kama mtu anayetafuta kasoro kwenye tofali. Mara nasema alinitukana. Mara nikiona malori yangu yanatoka asubuhi kuelekea Buta na Bafwasende nasema mwanamke yule aliona. Lakini asubuhi ile sikuwa na lori wala hekima. Nilikuwa na hasira tu. Tulipokusanyika kula, Tonton Gaspard akasema: “Katikati, Ramazani. Moteur, pembeni, kuume.” Niliacha lituma yangu, na mtu anayenijua anaelewa hilo ni jambo gani, nikatoka nje, nikashika njia ya mtoni.

Ramazani alinifuata na mikono bado ina mafuta ya samaki. “Moteur! Unaenda wapi?” “Naenda kubeba magunia. Gunia haliulizi nani katikati.” Akatembea kando yangu bila kunishika. “Bon, enda. Sasa mipira yangu italetwa na nani? Na Etienne? Ule Etienne anapiga mupira sawa anafukuza kuku.” Sikutaka kucheka, nikacheka. Akaendelea: “Weye unafikiri miye ninafurahi? Mwaka mzima ninatazama nyuma, nikiona weye umekaa, ninasikia macho yako hapa, kwenye shingo. Batu ya Chui haiwezi kunichosha sawa weye.” Niligeuka nikarudi. Watu walipenda kusema nilirudi kwa maneno yake. Nilirudi kwa sababu niliwaza wakishinda bila mimi watasema walishinda bila mimi.

Chui walifunga kwanza. Mimi kule pembeni nilikuwa na mstari mweupe upande mmoja na beki mfupi upande mwingine, na mbele yangu kulikuwa wazi mpaka mwisho wa dunia. Sijawahi kukimbia vile. Nilimpita yule beki mara ya kwanza, akapotea. Mara ya pili alianza kukimbia kabla sijapata mpira, nikampita vilevile. Nikafika pembe, nikarudisha mpira kati bila kutazama. Ramazani alikuwa pale. Mimi ningeupiga ulivyokuja. Yeye alingoja. Alingoja mpaka mabeki wote wawili wakateleza mbele yake kama watu waliokosa ngazi, halafu akausukuma ndani, pole, kama mtu anafunga droo. Watu wa Gauche na watu wa huku walikumbatiana na kutukanana pamoja. Goli la pili ni langu. Muda ulikuwa unakwisha, nilitoka pembeni nikaingia kati, mmoja, wawili, na Ramazani alikuwa peke yake upande wa kushoto, mkono juu, anaita. Nilimwona. Nikapiga mwenyewe, na nyavu zikajaa. Tukawa mabingwa, wa mto wote kwa mara ya kwanza. Ningepiga tena hata leo.

Wale wa komite hawakuona kama ninavyoona mimi. Kwenye mlango wa uwanja, watu bado wanaruka, katibu wao akasimama juu ya kiti akasoma kwa sauti timu ya kwenda Léo. Katikati, Ramazani wa Mamba-Radi. Kuume, pembeni, kijana wa timu nyingine ambaye sikumpita kwa sababu sikuwahi kumwona mbele yangu. Tonton Gaspard alikwenda kuuliza, nikamsikia yule katibu akisema kwa Kifaransa cha polepole, ili sisi tuelewe, kwamba wa pembeni anatakiwa ajue kutoa mpira. “Alishinda mechi,” Tonton akasema. “Ndiyo,” akajibu, “peke yake.”

Siku ya masuwa nilikuwa kazini. Kapita hakujua, au alijua, akanipanga kwenye mizigo ya abiria. Fanfari ya misioni ilipiga, wake wa watu wa reli walivuka na vitenge vyao vizuri, na Ramazani akatokea amevaa koti alilojishonea mwenyewe, na nyuma yake sanduku la chuma. Nililiinua mgongoni, nikahisi uzito. “Umeweka mawe?” “Kichwa cha cherehani.” “Ramazani, unaenda kucheza ao kushona?” Akasema: “Kucheza iko siku moja. Kushona iko kila siku.” Alitaka kushika upande mmoja wa sanduku, nikamwambia aache, hii ni kazi yangu. Nikapanda daraja lile ninalolijua kila ubao, nikaliweka chini kwenye boti la pembeni, lile lililofungwa ubavuni mwa masuwa, katikati ya kuku na magodoro ya watu. Ilibaki kushuka. Nilisimama. Chini ya miguu mashine ilikuwa imeanza kutetemeka, ikapanda mpaka magotini. King’ora kikalia. Kapita alikuwa ananipigia kelele kutoka gatini, naona mdomo wake tu, na daraja likavutwa, na maji yakaingia kati yake na mimi.

Ramazani alinikuta nimekaa juu ya sanduku lake. “Moteur! Umefanya nini?” “Nimekaa,” nikasema. “Mwaka mzima munaniambia nikae.” Alicheka mpaka akajifuta macho na mkono wa koti jipya. Tukala lituma aliyofungiwa na Mama Zaina, baridi, na samaki. Akanitolea miiba, nami nikala. Halafu akainama, akaongea chini chini. Kwa safari siku hizo ulihitaji karatasi ya ruhusa, nami sikuwa nayo, na mkaguzi alikuwa anakuja taratibu kutoka mbele. “Jezi nimeleta mbili. Vaa moja. Batu kumi na moja ao kumi na mbili, nani anajua? Tutasema weye iko wa akiba. Utafika Léo.” Alimaanisha. Nilimfahamu mtu yule miaka mingi baadaye, alirudi akashona Gauche mpaka macho yalipochoka, akawashonea watoto wangu wote nguo za komunio yeye Mwislamu, na sikumwona hata mara moja akitoa kitu asichomaanisha. Niliifikiria Léo. Niliufikiria na ule ubao wa Léo, mimi juu yake, yeye uwanjani, na uwanja mkubwa kuliko wote umejaa watu wanaomtazama. Nikamwambia: “Ndugu, kukaa pembeni nimekwisha kujifunza hapa Stan. Sina haja ya kwenda mbali kurudia.” Akanitazama, akarudisha jezi ndani ya sanduku, akaikunja vizuri kwanza.

Masuwa iligusa Yangambi jua likiwa bado juu. Nikaruka kabla kamba haijafungwa. Ukingo ulikuwa umejaa wanawake na vikapu vya samaki wa moshi, wanapiga kelele kwa abiria, na abiria wanatazama tu, kwa sababu masuwa haikai na bei haikubaliwi haraka. King’ora kikalia tena. Ramazani alikuwa kwenye ukingo wa boti, anapunga, anasema neno ambalo sikulisikia, na mimi nilikuwa na kazi: mwanamke mmoja, mnene, kapu lake halijapungua hata samaki mmoja, alikuwa amenishika mkono anaupima kama watu wanavyopima mbuzi.

“Weye mwenye kifua,” aliniuliza, “unabeba ao unanunua?”

Nilitazama samaki. Nilitazama mto, upande wa Stan, ambako watu wangekula chochote, tena kwa bei ya mara mbili.

“Ninanunua,” nikasema.